Siri Niliyoifukia Kwenye Ntumba

Sehemu ya saba

Wewe uliyenikuta njiani, naitwa Bertilla. Nina miaka thelathini na moja, naishi Sumbawanga mjini, na wiki sita sasa najianika hapa gazetini wala hakuna aliyenionea huruma. Nilikwisha kueleza jinsi wachapishaji wawili walivyonirudishia maandishi yangu yakiwa bado yamefungwa kwa uzi nilioufunga mwenyewe. Nilieleza pia nilivyoanza kujichapia vitabu kwenye mashine ya steshenari ninakofanya kazi.

Wiki iliyopita niliishia pale Mwenyekiti Zenon alipoingia dukani na kitabu changu cha tatu mkononi, akafunga mlango nyuma yake.

Nitasema alichotaka. Lakini kwanza niitaje dhambi yenyewe, maana wiki zote sita nimekuwa nikiizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi yangu ni kusimulia upya hadithi za Wayunani wa kale kwa ajili ya vijana. Nilizikuta kwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada nilipokuwa sekondari, zikaniingia. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha yule mvulana wa mbawa za nta. Cha pili, binti aliyemwokoa mgeni kwa donge la uzi. Watu nawapa majina ya kwetu, nchi naifanya ya kwetu, na wanafunzi wananunua.

Cha tatu ndicho kilichoniponza. Nilikiita Kinyozi wa Mwene.

Wayunani wana mfalme aliyekuwa na masikio ya punda. Aliyaficha chini ya kofia. Kinyozi wake peke yake ndiye aliyejua, naye alikatazwa kusema. Siri ikamkaba. Akaenda kuchimba shimo, akainong'ona mle ndani, akafukia. Juu ya shimo yakaota matete, na upepo ulipovuma, matete yakaisema siri kwa kila mpita njia.

Mfalme nikamfanya Mwene wa Ufipa ya zamani. Matete nikayafanya ulezi. Shimo nikalifanya tuta la ntumba, kama tunavyolima kwetu. Majani yanafukiwa mabichi ndani ya tuta, yanaoza humo, na mvua zikirudi tuta linabomolewa ili ulezi upandwe.

Hapo mkulima yeyote wa Ufipa angenicheka. Nani anaficha kitu kwenye ntumba? Ntumba hufukiwa ili ije kufukuliwa. Mimi niliyekulia kwenye jembe nililijua hilo, na bado nikaliandika nikijiona mjanja.

Yakabaki masikio ya punda. Kijana wa leo mwenye simu mkononi humtishi kwa masikio ya punda. Nikatafuta siri nyingine, ya mtu mzima, inayouma kweli. Sikwenda mbali. Nikachukua ya Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa Leonidas ni kaka wa marehemu baba yangu. Amenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Ni katekista wa kigango chetu, mbele kidogo ya Msanzi, mwaka wa ishirini na sita huu. Padri anafika mara moja kwa mwezi, akiwahi. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele, akasoma masomo na kuhubiri, ni yeye.

Na hajui kusoma.

Hajui hata kidogo. Anajua kuandika jina lake, basi. Alipewa kazi kwa sababu ya sauti yake, na kwa sababu sala zote alizijua kwa kichwa. Aliona haya kusema lililobaki. Mwanzo baba yangu alikuwa akimsomea masomo ya Jumapili, siku moja kabla. Baba alipofariki, kazi nikairithi mimi, mtoto wa darasa la tatu.

Kila Jumamosi mchana, nyuma ya ghala la ulezi. Nasoma mara ya kwanza, amefumba macho. Mara ya pili tunasema pamoja. Mara ya tatu anasema peke yake, na hakosei. Hata nilipohamia mjini, wiki nisiyokwenda namsomea kwa simu.

Jumapili anafungua kitabu palipowekwa utepe, anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti. Anaivaa. Anaivua tena, anafuta. Mara tatu. Kisha anasema, "Tusikilize," na watu wanasikiliza kweli.

Basi Mwene wangu nikampa miwani. Nikamfanya apokee barua za wafanyabiashara, azisome mbele ya watu, kumbe kinyozi humsomea asubuhi akimnyoa. Na kabla ya kusoma nikamfanya afute miwani. Mara ngapi? Mnajua wenyewe.

Siri niliibana mpaka ukurasa wa mwisho, wa arobaini na nane, kama vijana wanavyopenda. Pale kinyozi anainamia tuta na kusema, "Mwene wetu hajui kusoma, mimi ndiye macho yake." Mistari minne tu ukurasa mzima. Niliiandika kwa dakika kumi huku natabasamu. Sikuwaza kwamba kitabu kitafika Msanzi. Huo ndio utetezi wangu, na ninyi mnaona jinsi ulivyo mwembamba.

Turudi dukani.

Zenon ni mwenyekiti wa kigango chetu, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, hapendi maneno mengi. Aliweka kitabu juu ya mashine ya kunakilia.

"Mwene wako anafuta miwani mara tatu," akasema.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Anafuta mara tatu, Bertilla."

"Ni hadithi tu. Ya Wayunani."

"Wayunani wanalima ntumba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa mfukoni karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaifungua taratibu kwenye kaunta.

"Mdogo wangu Victor alikuwa mvuvi Kipili," akasema. "Mwaka elfu mbili na tatu akamwandikia mama barua hii. Mimi nilikuwa kibaruani Mpanda. Mama hakujua kusoma. Akaipeleka kwa katekista."

"Akaisoma?" nikauliza.

"Akafuta miwani. Akamwambia mama, Victor hajambo, anawasalimu wote, samaki wanapatikana. Mama akarudi nyumbani anaimba. Sasa soma wewe, msomi."

Nikasoma. Maandishi yalikuwa ya mtu anayetetemeka. Mama njooni mnichukue, kifua kimenizidi, sina wa kuniinua.

"Msiba tuliusikia wiki tatu baadaye," Zenon akasema. "Barua niliikuta kwenye sanduku la mama alipofariki naye. Miaka yote hii nilidhani Leonidas alifanya makusudi. Kwamba alikuwa na kinyongo na ukoo wetu. Nimemchukia kimoyomoyo, Bertilla, huku naitikia Amina zake. Halafu juzi binti yangu ananipa kitabu chako, nafika ukurasa wa mwisho, nakaa chini."

"Sitaki kumsingizia mtu mzima. Wewe umekulia nyumbani kwake. Niambie, ni yeye?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema kweli. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, na mtu mwenye haki yake ameniuliza kwa adabu.

"Si yeye," nikasema.

Akaikunja barua ya marehemu ndugu yake, akairudisha kwenye nailoni.

"Sawa. Paroko ana barua ya kusomwa vigango vyote Jumapili hii. Nimepewa mimi, imefungwa kwa gundi. Siku zote huwa nampelekea katekista Jumamosi asubuhi. Safari hii nitamkabidhi palepale mbele, aifungue, asome."

"Mwenyekiti..."

"Kama si yeye, kuna ubaya gani?" Akachukua kitabu chake. "Akikiri kwa mdomo wake, nimemaliza, na mama yangu huko aliko atakuwa amemaliza. Lakini akifuta miwani akaanza kututungia, nitasimama nimwambie mbele ya watu wote."

Akafungua mlango. Akageuka.

"Kitabu ni kizuri lakini," akasema, na akaondoka.

Jumamosi nikapanda gari la Msanzi la kwanza. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Baba Mkubwa, nimekukosea. Baba Mkubwa, kuna jambo. Zote zilikuwa nzuri hadi niliposhuka na upepo wa kwetu kunipiga usoni, nikazisahau.

Mama Mkubwa Rozina, mke wa Baba Mkubwa, nilimkuta uani anafungia karanga za kuuza nje ya kanisa. Anazifunga kwenye karatasi za magazeti, pembepembe. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumsaidia.

Nikakumbuka kitu. Mwezi uliopita alipita dukani, akaniomba karatasi za kufungia. Nilikuwa na nakala moja mbovu ya Kinyozi wa Mwene. Mashine ilikwama kwenye karatasi ya mwisho, ukurasa wa arobaini na saba ukatoka pande zote mbili, wa arobaini na nane haukutoka kabisa. Nikampa hiyo. Mama Mkubwa aliacha shule darasa la tatu, sikuona hatari.

"Zile karatasi nilizokupa zimekwisha?" nikauliza, moyo juu.

"Zipi?"

"Za kile kitabu kibovu."

"Ah. Zile nzito, hazikunjiki vizuri." Akafunga pembe nyingine bila kuniangalia. "Baba yako yuko kwenye ghala. Anakungoja."

Nilimkuta kwenye kigoda chake, amevaa koti, mikono juu ya magoti. Ana miaka sitini na nane na mgongo wake bado umenyooka. Mbele yake kigoda cha pili, changu, nilichokikalia tangu miguu yangu haifiki chini.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Umekuja mapema. Jumapili hii masomo marefu?"

Nikamwambia habari ya barua. Nilimwambia kila kitu kuhusu barua ya paroko, gundi, Zenon, na kukabidhiwa mbele ya watu. Nilizungumza haraka haraka. Alisikiliza amefumba macho, kama anavyosikiliza masomo.

Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Zenon amejuaje?"

"Sijui, Baba."

Alifumbua macho. Aliniangalia, kisha akaangalia ukuta wa ghala.

"Haya," akasema.

"Kesho umwa," nikamwambia. "Tutasema unaumwa."

"Niumwe nini?"

"Chochote!"

"Kwa umri huu magonjwa ya kuchagua yapo mengi." Akatabasamu kidogo. "Lakini nikiumwa kesho, Jumapili ijayo barua itakuwa palepale. Na mimi nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo. Hapana."

"Basi nisome mimi. Nitainuka niseme macho yanakusumbua."

"Utakaa chini."

Nikajikaza nikauliza, maana nilitaka kujua kama Zenon amesema kweli. "Baba, unamkumbuka Victor, aliyekuwa Kipili?"

Mikono yake ilihama kutoka magotini. Ikatafuta mahali pa kukaa, ikakosa.

"Kila nikivaa miwani hii," akasema.

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa aniambie hakumbuki.

"Mama yake alikuja mchana, jua kali, amesimama palepale mlangoni," akasema. "Wewe ulikuwa shule. Nikamwambia, acha barua, njoo jioni. Akasema, hapana, nisomee sasa, mwanangu sijamsikia tangu Pasaka. Nikaifungua. Nikamwambia maneno ambayo kila barua huwa nayo. Hajambo, anasalimu. Nikawaza, nitamwambia airudishe jioni, Bertilla amsomee vizuri. Lakini alifurahi mno. Akaninyang'anya barua, akakimbia kuwaonyesha majirani. Jioni sikumfuata. Niliona haya."

Mimi nilikuwa nalia tayari. Yeye hakulia.

"Wiki tatu baadaye nikaongoza ibada ya matanga," akasema. "Nikashika kitabu, nikafuta miwani."

Sasa, niseme nini? Mzee amenifunulia kidonda chake chote. Kilichobaki ni mimi kufungua mdomo na kusema, Baba, Zenon amejua kwa sababu yangu. Nimekuuza kwenye kitabu. Sentensi mbili. Nilivuta pumzi kabisa.

"Ugali unapoa!" Mama Mkubwa akaita kutoka jikoni.

Nikaiachia ile pumzi ikatoka bure.

Tulisoma masomo kabla ya kula. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakukosea hata neno. Nilipofunga kitabu, hakuinuka.

"Una lingine la kunisomea?" akauliza.

"Lipi, Baba?"

"Lolote. Labda umekuja na kitu kutoka mjini."

"Hapana. Hakuna."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda kunawa mikono.

Mnaniuliza nililala? Sitaki hata kuanza habari hiyo.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Habari kwamba kuna barua ya paroko zilikuwa zimesambaa, na pia habari nyingine, zile za chini chini kuhusu Mwene na miwani. Vijana walikaa mabenchi ya nyuma, na nilihesabu vitabu vyangu mikononi mwao. Viwili, vitano, saba. Mwandishi yeyote angefurahi. Mimi nilitamani paa lishuke.

Nilikaa benchi la pili. Mama Mkubwa alikaa kando yangu, leso yake ya Jumapili kichwani. Zenon alikuwa mbele yetu, bahasha mapajani.

Masomo yalikwenda vizuri. Mahubiri mafupi. Kisha Zenon akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, Amina."

"Kuna barua ya Baba Paroko. Ameomba isomwe leo. Katekista atatusomea."

Akatembea, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, akarudi kusimama mahali pake. Hakukaa.

Nikainuka. "Mwenyekiti, samahani, Baba macho yanamsumbua siku hizi, ningeomba nisome..."

"Miwani anayo," Zenon akasema, bila kugeuka.

Nyuma vijana wakacheka chini chini.

"Bertilla," Baba Mkubwa akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mama Mkubwa akanishika mkono, akaubana kwa nguvu kuliko nilivyodhani mkono wake unaweza.

Baba Mkubwa alichana bahasha. Akatoa karatasi moja iliyochapwa, akaikunjua. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

Akaivaa. Akaivua, akaifuta tena. Nyuma mtu akahesabu kwa sauti ya kunong'ona, "Mbili."

Akaivaa. Akaivua. Hakuna aliyehesabu ya tatu, lakini wote tuliisikia. Zenon alikuwa amekunja ngumi.

"Tusikilize," Baba Mkubwa akasema.

Akaivaa, akaiinua karatasi usawa wa macho. Sauti ikatoka ile ile ya miaka ishirini na sita, nzito, isiyo na haraka.

"Kinyozi alitembea mpaka mwisho wa mashamba, mahali ambapo hata mbwa wake hakumfuata. Akakuta tuta la ntumba limefukiwa jana yake, udongo bado mbichi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Akapiga magoti. Akatoboa shimo kwa mkono. Akasema, Ee udongo, wewe huna mdomo, nibebee mzigo huu, maana mimi umenishinda."

Yalikuwa maneno yangu. Ukurasa wangu wa arobaini na saba, herufi kwa herufi, unatoka kinywani mwa mtu ambaye sikuwahi kumsomea kitabu hicho. Bibi mmoja mbele aliitikia kwa kichwa, akidhani ni mfano kutoka kwa paroko. Nyuma nikasikia kurasa zinafunguliwa kwa pupa.

"Akainama mpaka midomo yake ikagusa udongo," Baba Mkubwa akasema.

Akapumzika. Nikashusha pumzi. Kisha akaendelea.

"Kinyozi alitembea mpaka mwisho wa mashamba, mahali ambapo hata mbwa wake hakumfuata..."

Akarudia yote tangu mwanzo, kwa heshima ile ile, kama kiitikio cha zaburi. Tuta, magoti, shimo, udongo usio na mdomo. Watu wazima walidhani ndivyo barua ilivyoandikwa. Kanisa zima ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini anarudia. Mimi na mwanamke aliyenishika mkono.

Nikamgeukia Mama Mkubwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka na wala hakuyafuta.

"Nilimsomea neno moja moja," akaninong'oneza. "Wiki tatu. Pale mwisho palijirudia, nami nikamsomea kama palivyo."

Kumbe alijua. Miaka ishirini na mbili nilijidai kwamba siri ni ya watu wawili, kumbe kulikuwa na wa tatu jikoni, anatuita ugali unapoa. Na Baba Mkubwa aliponiuliza jana Zenon amejuaje, alikuwa tayari ameshasikia kurasa arobaini na saba. Alinipa nafasi. Alinipa mara mbili.

"Akainama mpaka midomo yake ikagusa udongo," Baba Mkubwa akasema tena.

Safari hii hakurudia. Akaikunja barua ya paroko, ambayo hakuna mtu aliyeisikia, akaiweka mezani. Akavua miwani. Hakuifuta. Aliikunja, akaiweka juu ya barua.

Zenon alifungua mdomo. Baba Mkubwa akamwinulia kiganja, kwa upole, naye akaufunga.

"Mimi nimeishia hapo," Baba Mkubwa akasema. "Kilichofuata sikijui, kwenye kitabu nilichopata hakikuwemo. Kinyozi ameinama. Alichokisema, sijakisikia. Nimengoja mtu aje aniambie, hajaniambia."

Alikuwa ananitazama bila miwani, na alinipata bila kunitafuta.

"Bertilla, mama, inuka. Kitabu ni chako. Utumalizie."

Watu mia mbili waligeuka. Zenon alikiangalia kitabu kilichokuwa kwenye mfuko wa koti lake, akakitoa, akakifungua ukurasa wa mwisho. Akaja mpaka kwenye benchi letu, akaniwekea mkononi.

Nikainuka. Mistari minne. Herufi niliziona zote vizuri, nikatamani nisingezijua.

"Baba," nikasema, "tafadhali."

"Usiogope," akasema, na akafumba macho, mikono ikining'inia pembeni. "Soma kama Jumamosi."